Kuhifadhi Kumbukumbu za Utotoni za Babu na Bibi: Mwongozo Kamili

Kila alipotaka kushona, bibi yangu aliniita mimi. Macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu na tundu la sindano halionekani tena, lakini hilo hakulisema. Alisema tu, "Njoo, mwenye macho mapya." Nililamba ncha ya uzi, nikaisokota kwa vidole viwili, nikaipitisha, naye akaniangalia kimya, pumzi ameizuia, mpaka uzi utokeze upande wa pili. Akimaliza kushona alikata uzi kwa meno ya upande wa kushoto, maana ya kulia yalikuwa yameshang'oka.

Kumbukumbu hii nilikaa nayo miaka mingi bila kuiandika popote. Siku nilipoketi kuiandika, ndipo nilipogundua kuwa sikumbuki tena alikuwa anashona nini. Kitambaa kimetoweka, yamebaki meno yake na ule uzi. Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: tuliyoyapata kwa babu na bibi yamo katika vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyotangulia kupotea. Vishike mapema, tena kwa mpangilio unaofaa, kwa sababu ukikosea mpangilio unaweza kuviharibu kwa mikono yako mwenyewe.

Unachohitaji ni daftari, penseli, simu inayorekodi sauti, na muda. Usinunue kitu kingine kwa sasa.

Hatua ya kwanza: andika peke yako kabla hujamuuliza mtu

Wengi huanza kwa kumpigia simu dada au shangazi: "Unakumbuka kwa bibi kulivyokuwa?" Nakusihi usianze hivyo. Ukishasikia simulizi ya mwenzako, itaingia ndani ya yako na hutaweza tena kuzitenganisha.

Ubongo hauweki matukio kama mkanda wa video. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alieleza tangu 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya: kila unapokumbuka unakusanya vipande vilivyobaki, kisha unaziba mapengo kwa yale yanayoelekea kuwa kweli. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 24. Kila mmoja alipewa visa vinne vya utotoni mwake, akaambiwa vimetoka kwa ndugu zake. Vitatu vilikuwa vya kweli. Cha nne kilitungwa, kwamba alipokuwa na miaka 5 hivi alipotea katika jengo la maduka. Karibu robo yao waliishia kukikubali kisa hicho cha kutunga, kizima au sehemu yake. Watu hao hawakuwa wakidanganya, waliamini kabisa.

Kwa hiyo jifungie mahali penye utulivu kwa dakika 20. Usiandike hadithi. Andika orodha, kila mstari kitu kimoja, bila kujali kipi kilitangulia: kikohozi cha babu mlangoni, kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, jina alilokuita alipofurahi na lile alilokuita alipokasirika. Ukikwama, kaa na kalamu mkononi mpaka dakika zako ziishe. Rudia siku ya pili na ya tatu. Kwa kawaida siku ya kwanza hutoka yale ambayo umeshayasimulia mara nyingi, na kuanzia siku ya pili huanza kutoka yale ambayo hujawahi kumwambia mtu.

Ukishapata orodha, pitia kila mstari na uupe herufi. K ni "nakumbuka mwenyewe". A ni "niliambiwa". P ni "nimeiona kwenye picha". Fanya kazi hii kwa uaminifu hata pale inapouma. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka 3 au 3 na nusu, kwa hiyo ukijiona umebebwa na babu ukiwa na mwaka mmoja, yaelekea uliisikia au uliiona pichani. Haina maana uitupe. Iandike, iwekee A au P, uendelee.

Hatua ya pili: ziamshe zilizolala

Harufu ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kitu unachokiona au kukisikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa, lakini taarifa za harufu huenda karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Watafiti wameona pia kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za miaka 10 ya kwanza ya maisha, yaani miaka ileile uliyokuwa ukikimbilia magotini kwa bibi. Kama ipo sabuni aliyotumia, mafuta ya kujipaka, au kabati la mbao linalotoa harufu kama la kwake, inuse, kisha andika papo hapo. Usingoje jioni.

Mahali nako husaidia. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno ya kukariri, nyingine nchi kavu na nyingine chini ya maji. Maneno waliyojifunza majini waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa majini, na ya nchi kavu wakiwa nchi kavu. Ukiweza kurudi katika nyumba ile, rudi, na uingie na daftari mkononi.

Kama nyumba imeshabomolewa au ina wenyewe wengine, ichore. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Chukua karatasi kubwa, chora kuta kama unaitazama nyumba kutoka juu, weka milango, madirisha, kitanda, meza, mahali pa viatu. Mchoro mbaya hauna neno. Kisha ingia kwa mlango wa mbele ukiwa mtoto, si mtu mzima. Macho ya mtoto wa miaka 4 hayako mbali na usawa wa meza. Mtoto anaona chini ya kitanda, anaona magoti, anaona kitasa kikiwa juu yake. Pita chumba hadi chumba polepole na kila mahali jiulize: hapa nilikatazwa kugusa nini? Hapa nilijificha lini? Nani alikuwa analala upande wa ukutani?

Nilipochora nyumba ya babu yangu, mkono ulisimama kwenye dirisha la chumba chake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba miwani yake ilikaa pale usiku. Ndipo nikaiona: mguu mmoja ulikuwa umefungwa uzi mweusi pale kwenye kiungo, kwa hiyo aliukunja ule mzima tu, na ule mwingine ukabaki umenyooka juu ya ubao wa dirisha kama kidole kinachoelekeza nje.

Hatua ya tatu: acha kusifu, onyesha

Katika kila daftari la aina hii utakuta sentensi moja: "Bibi alinipenda sana." Ni kweli, lakini mjukuu wako akiisoma miaka 40 ijayo hatamwona bibi yako. Atamwona bibi yeyote.

Kila ukiandika sifa, jiulize: nilijuaje? Alinipenda, nilijuaje? Kwa sababu niliporudi nikiwa nimeloa, alinifuta kichwa kwa nguvu mpaka masikio yanaungua, huku analalamika, na hakuniacha mpaka nywele zikauke. Babu alikuwa mkali, nilijuaje? Kwa sababu alikunja gazeti mara mbili kabla ya kuzungumza, na sisi watoto tukisikia mkunjo wa pili tulishanyamaza. Sifa ifute na tendo libaki.

Andika pia maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na makosa yake, lafudhi yake, na yale maneno ambayo kwenu hakuna mwingine aliyeyatumia. Usiyanyooshe, kwa sababu ukiyanyoosha utasikika wewe.

Na yale yasiyopendeza? Kuna mabibi waliokuwa na ulimi mkali, na mababu walioondoka wakarudi wakaondoka tena. Ushauri wangu ni huu: yaandike kwenye daftari lako bila kuficha, kisha amua baadaye yapi ya kuwapa wengine. Kumbukumbu iliyosafishwa sana hukosa mtu ndani yake. Lakini kama kilichotokea kilikuwa kitu cha kukuumiza, hulazimiki kukichimba kwa ajili ya mwongozo wa mtu yeyote. Funga daftari, umtafute mtu unayemwamini uzungumze naye.

Hatua ya nne: kaa na aliye hai

Kama babu au bibi yako bado yupo, hatua hii isipite mwezi huu. Asipokuwepo, watafute waliomjua: ndugu zake, jirani wa siku nyingi, wazazi wako.

Usiogope kwamba unamchosha au unamrudisha kwenye huzuni. Zamani hata madaktari waliona mazungumzo ya mzee kuhusu ujana wake kuwa dalili ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida ya uzeeni, tena yenye manufaa. Wengi wanangoja tu mtu wa kuwauliza.

Kuhusu maswali, kuna somo zuri kutoka kwa Mholanzi Willem Wagenaar. Kwa miaka 6 aliandika matukio ya maisha yake, zaidi ya 2,000, kila moja akibainisha lilikuwa nini, lilimhusu nani, lilitokea wapi na lini. Baadaye alijipima kwa kujipa kidokezo kimoja kimoja. Kidokezo cha "nini" kilimsaidia kuliko vyote, na cha "lini" kikiwa peke yake hakikumsaidia karibu chochote. Hayo aliyachapisha mwaka 1986. Sasa fikiria sisi tunavyowaanza wazee: "Bibi, hiyo ilikuwa mwaka gani?" Tunamfungulia mlango mgumu kuliko yote, akishindwa anajiona amesahau kila kitu, na mazungumzo yanakufa.

Uliza vitu na watu. Nyumba uliyokulia ilikuwa na milango mingapi, nani alilala karibu na mlango? Nani alikuwa anakuchekesha? Kazi gani ya nyumbani uliichukia? Mara ya kwanza kushika pesa yako mwenyewe ulifanya nayo nini? Nilipozaliwa ulikuwa wapi, na nani alikuletea habari? Tarehe utazitafuta mwenyewe baadaye kwa kuzipima na mambo makubwa: kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa, baada ya kuhama, mwaka wa mafuriko.

Beba kitu cha kushika. Picha, kifungo, ufunguo wa zamani, hata ule mchoro wa nyumba. Mpe mkononi na usiseme neno. Akianza, mwache. Akinyamaza, hesabu taratibu mpaka kumi kabla ya kuuliza jingine, maana jibu zuri mara nyingi huja baada ya ule ukimya ambao sisi vijana hatuuvumilii. Na akikosea jina au akirudia kisa alichosimulia wiki iliyopita, usimsahihishe. Safari ya pili anaweza kuongeza kitu.

Mambo ya mwili nayo yana uzito. Masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo usipige kelele, punguza wembamba wa sauti na useme taratibu. Kaa mbele yake, mwanga uangukie uso wako ili aone midomo. Chagua saa ambayo yeye huwa na nguvu, na kwa wengi ni asubuhi. Dakika 40 zatosha. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, amechoka, rudi siku nyingine. Kwa mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu, neno "hukumbuki?" lifute kabisa kinywani. Imbeni pamoja wimbo alioujua akiwa kijana, au mfanye pamoja kazi ya mikono aliyoizoea, na upokee chochote kitakachokuja.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na mwambie nani atasikiliza. Akisema "hili libaki kati yetu", libaki kati yenu.

Sasa kurekodi kwenyewe, na hapa naandika kwa uchungu. Bibi yangu nilimrekodi mara moja tu, saa nzima. Joto lilikuwa kali, feni ikawashwa, nami nikaiweka simu mezani chini ya feni hiyo. Sikusikiliza kabla. Nilipofungua faili, bibi hakuwemo, ulikuwemo upepo. Baada ya hapo afya yake haikuruhusu tena. Katika saa ile nzima nakumbuka jibu moja. Nilimuuliza, "Bibi, ulipokuwa mdogo nani alikuwa anakuamsha asubuhi?" Akasema, "Hakuna. Niliamshwa na kikohozi cha baba." Kwa jibu hilo nina kitu kimoja cha baba yake bibi yangu, mtu ambaye hakuna picha yake duniani: alikohoa alfajiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima feni, redio, televisheni, na funga dirisha la upande wa barabara. Simu iweke hali ya ndege ili isiite. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kinywani mwake, ili mguso wa meza usiingie. Angalia nafasi iliyobaki na chaji. Rekodi dakika moja ya mazungumzo ya kawaida, vaa spika za masikioni, usikilize. Ikiwa safi, anza upya kwa kutaja tarehe, mahali, na majina ya mliopo. Kama programu yako inakupa kuchagua, rekodi kwa aina ya faili iitwayo WAV, maana aina ya MP3 hupunguza sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Lakini MP3 iliyopo ni bora kuliko WAV uliyokuwa unapanga kufanya.

Hatua ya tano: sasa waite ndugu

Daftari lako likishajaa na herufi zake, ndipo uwapigie simu. Mwombe kila mmoja aandike orodha yake peke yake kwanza, kisha mkutane mzilinganishe.

Mtapishana. Mimi na dada yangu hatujakubaliana hadi leo kuhusu miwani ya babu. Yeye anasema haukuwa uzi, ulikuwa waya mwembamba, na anakumbuka ulivyomkwaruza shavuni babu alipomkumbatia. Sikumsahihisha, naye hakunisahihisha. Katika daftari yapo yote mawili, kila moja na jina la mwenyewe pembeni. Huenda kiungo kilifungwa mara mbili, mwaka huu uzi na mwaka ule waya. Kama tungelazimisha toleo moja, tungeupoteza ule mkwaruzo.

Mjukuu wa kwanza na wa mwisho hawakulelewa na bibi yuleyule. Wa kwanza alimpata mwenye nguvu za kumkimbiza, wa mwisho alimpata kitini. Waulize kwa umri wao.

Hatua ya sita: picha, barua na kanda

Hapa nitapita haraka, ila shika haya. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, karibu na ukingo. Kalamu ya wino huacha alama mbele na wino wake unaweza kupenya. Andika nani, wapi, na nani alipiga picha kama anajulikana. Usiandike "bibi" peke yake, kwa maana baada ya vizazi viwili hakuna atakayejua bibi wa nani. Albamu zenye kurasa za gundi huharibu picha taratibu, zitoe kwa uangalifu, na zilizong'ang'ania ziskaniwe au zipigwe picha zikiwa humohumo. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, na picha ndogo kwa nukta 600. Barua usizifunge kwa plastiki ya joto, hazitafunguka tena.

Ukikuta kaseti ya sauti, kabla hujaitia kwenye redio vunja vile vijipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu. Vikishavunjwa, redio haiwezi kurekodi juu ya sauti iliyomo hata ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Icheze mara moja, na mara hiyohiyo uihamishie kwenye kompyuta.

Hatua ya saba: isikae mahali pamoja

Wahifadhi hutumia kanuni ya 3-2-1: nakala 3, katika vyombo vya aina 2 tofauti, 1 ikae nje ya nyumba yako. Kwa mfano moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi mbali au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, halafu jina la mzungumzaji. Kila mwaka fungua moja usikilize kama inafanya kazi. Yale maandishi yachape kwenye karatasi. Karatasi haihitaji nywila.

Hatua ya nane: soma kwa sauti

Ukimaliza, mtafute mtu mmoja aliyekuwepo siku zile, ukae naye, umsomee. Acha penseli mikononi mwake. Kurasa za kulia ziachwe wazi kwa ajili hiyo tangu mwanzo.

Mimi nilimsomea mama. Nilianza na sindano: uzi, vidole viwili, macho mapya, meno ya kushoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Foronya. Alikuwa anashona foronya zenu, mlikuwa mnazichana kwa kupigana mito." Nimeliandika neno hilo kwenye ukurasa wa kulia, na mbele yake nimeweka herufi A.